Umri Peke Yake Hauchagui Vali ya Moyo

"Wewe bado una nguvu, weka ya chuma. Itakaa maisha yako yote." Karibu kila mtu wa umri wa kati anayetakiwa kubadilishiwa vali ya moyo huambiwa maneno hayo. Atayasikia kliniki, atayasikia kwa ndugu aliyemsindikiza, na atayasikia tena kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye tayari ana kovu la kifuani. Vali iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe, huongeza wasemaji hao, ni ya wazee waliopita miaka 65, maana huchakaa mapema. Kwa hiyo aliye na miaka 42 au 55 huona kwamba hana la kuchagua. Tarehe yake ya kuzaliwa imeshamchagulia.

Naipinga kanuni hiyo kwa jinsi inavyotumiwa kwetu Afrika Mashariki. Siipingi vali ya chuma, ambayo imeokoa watu wengi na bado ndiyo inayowafaa wengi. Ninachokataa ni kuuacha umri utoe hukumu peke yake, ilhali jambo linaloamua kama mtu ataishi vizuri na vali ya chuma liko nje ya kifua chake: je, kwa miaka 20 au 30 ijayo ataweza kupimwa damu yake mara kwa mara na kurekebishiwa dawa na mtu anayejua anachofanya? Swali hilo lisipojibiwa, kumwekea mtu chuma kwa sababu tu ana miaka 45 ni kumfunga mzigo bila kumuuliza kama ana mabega ya kuubeba.

Tuanze na kinachobishaniwa. Moyo una vali nne. Zinazobadilishwa zaidi ni mbili za upande wa kushoto: ya aota, inayotoa damu kwenda mwilini, na ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande huo. Vali ya chuma, ambayo kwa kweli leo hutengenezwa zaidi kwa kaboni ngumu, ni nadra kuvunjika na inaweza kudumu miongo kadhaa. Lakini damu ikikutana na kitu hicho kigeni hutaka kuganda, kwa hiyo mwenye nayo hunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku hadi mwisho wa uhai wake. Vali ya mnyama haina sharti hilo. Wengi hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi michache ya mwanzo, kisha hubaki na aspirini. Ila vali hiyo huchakaa, na huchakaa haraka zaidi ndani ya mwili wa kijana kuliko wa mzee. Hivyo anayechagua baina ya hizo mbili anachagua baina ya hatari mbili. Hatari ya vali ya chuma ni kuganda au kuvuja kwa damu, na humfuata mtu kila siku. Hatari ya vali ya mnyama ni upasuaji wa pili, na humngoja mbele.

Wanaotetea kanuni ya umri husema ndivyo miongozo ya kimataifa inavyoelekeza. Huo ni usomaji wa nusu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema kwamba kwa vali ya aota, ya chuma inafaa kwa aliye chini ya miaka 50 asiye na kizuizi cha kutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ya mnyama inafaa kwa aliyepita 65. Aliye kati ya 50 na 65, yaani mtu tunayemzungumzia hasa, aamuliwe kwa hali yake. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unaweka mpaka kwenye miaka 60 kwa aota na 65 kwa mitrali, lakini papo hapo unaagiza vali ya mnyama kwa mgonjwa ambaye haitarajiwi kwamba dawa yake itadhibitiwa vizuri, ama kwa sababu hataweza kuifuata, ama kwa sababu huduma yenyewe haipatikani kwa urahisi. Na miongozo yote miwili inataka mgonjwa aelezwe na kauli yake iheshimiwe. Sisi tumeichukua namba ya umri na kuliacha sharti lililoandikwa kando yake.

Nakiri kwamba watetezi wa chuma wana ushahidi mzito, na anayewapinga hana budi kuukabili. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliobadilishiwa vali katika jimbo la California kati ya 1996 na 2013. Miongoni mwa waliobadilishiwa vali ya mitrali wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 49, vifo ndani ya miaka 15 vilikuwa asilimia 44.1 kwa waliowekewa ya mnyama na asilimia 27.1 kwa waliowekewa ya chuma. Kwa mitrali, faida ya chuma ilionekana hadi umri wa miaka 70. Kwa aota ilikomea kwenye miaka 55. Tofauti hizo si ndogo. Mtu wa miaka 45 mwenye vali mbovu ya mitrali akisomewa namba hizo, ana kila haki ya kusema, "Niwekeeni chuma."

Lakini tuulize wagonjwa wale waliishi wapi. Waliishi California, mahali ambapo mtu aliyewekewa chuma hutoka hospitali akiwa na kliniki ya wafarini, maabara iliyo karibu, na mfumo wa dharura wa kumpokea akianza kuvuja damu. Hata hapo, waliokuwa na chuma walivuja damu zaidi ya wenzao wenye vali za mnyama, na katika baadhi ya makundi ya umri walipata kiharusi zaidi. Faida iliyoonekana kule ilikuwa faida ya vali na maabara kwa pamoja. Anayechukua asilimia zile na kuzileta Sumbawanga au Lodwar ameleta vali na kuiacha maabara nyuma.

Kwamba maabara imeachwa nyuma linajulikana, na limepimwa. Utafiti uitwao REMEDY uliandikisha wagonjwa zaidi ya 3,000 wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatiki, katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, pamoja na India na Yemen. Hawa ndio wagonjwa wetu hasa: watu ambao maambukizi ya koo ya utotoni yaliharibu vali zao, na moyo ukaanza kuchoka wangali katika umri wa kufanya kazi na kulea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28.3 tu waliokutwa na damu iliyo ndani ya kiwango kinachotakiwa. Zaidi ya theluthi mbili hawakuwa ndani ya kiwango hicho. Mwenye vali ya chuma aliye katika kundi hilo hawezi kutegemea matokeo ya California.

Ili tuone kwa nini kiwango hicho ni kigumu kukilinda, tuangalie wafarini inavyofanya kazi. Kipimo chake huitwa INR. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Mwenye vali ya chuma ya aota kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na wa mitrali kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, bonge la damu linaweza kuikwamisha vali au kurukia ubongo na kuleta kiharusi. Ikipanda, mtu huvuja damu puani, tumboni, au mahali pabaya kuliko pote, ndani ya fuvu. Matokeo ya dozi iliyobadilishwa leo huonekana baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa mara nyingi mwanzoni, na hata akishatulia anaendelea kupimwa, kwa kawaida kila baada ya wiki chache, maisha yake yote.

Sasa tuingize maisha ya kwetu. Dawa hii hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, ambayo imejaa katika mboga za majani. Anayekula mchicha, matembele, kisamvu au sukuma wiki kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki hana shida, kwani dozi hurekebishwa kulingana na mlo wake. Shida ni ya yule ambaye masika anakula mboga kila siku na kiangazi anakula ugali na dagaa. Shida zaidi ni ya yule aliyeambiwa "usile mboga kabisa", ushauri mbovu unaosikika hadi leo. Akiugua tumbo na kununua metronidazo dukani, INR hupanda. Akipewa septrini au flukonazo, hupanda. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, hushuka, na hushuka sana. Akichomwa sindano ya diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, jambo la kila siku katika zahanati zetu, amepata balaa mara mbili: dawa yenyewe huongeza hatari ya kuvuja damu, na sindano ndani ya msuli inaweza kuacha uvimbe wa damu. Muuza duka la dawa wa kijijini hajui kama mteja wake ana vali ya chuma, na mara nyingi mteja naye hakufundishwa kumwambia.

Halafu kuna kazi. Umri wa kati ndio umri wa jembe, wa bodaboda, wa chombo cha uvuvi, wa jukwaa la ujenzi. Dereva wa bodaboda anayetumia wafarini akianguka na kugonga kichwa, ajali ambayo mwenzake angeamka nayo akajipangusa vumbi inaweza kumuua. Fomu yenye kisanduku cha umri hailioni hilo. Daktari anayeuliza "Unafanya kazi gani?" hulipata kwa sentensi moja.

Wanaonipinga hunijibu kwamba upasuaji wa pili ni hatari zaidi ya wa kwanza, ni gharama, na kwa masikini huenda usifanyike kabisa. Hoja hiyo ni ya kweli na siipuuzi. Kifua kilichofunguliwa mara moja hushikana kwa makovu, na kukifungua tena kunahitaji mkono uliozoea. Aliyechangiwa na ukoo mzima kwa upasuaji wa kwanza huenda asichangiwe tena. Ila hoja hii huongezwa chumvi pale mtu wa miaka 50 anapofanywa aamini kwamba vali ya mnyama lazima itamrudisha mezani baada ya miaka michache. Kwa makadirio yaliyomo katika mwongozo wa Marekani, uwezekano wa kuhitaji upasuaji mwingine ndani ya miaka 15 kwa sababu ya kuchakaa kwa vali hiyo ni asilimia 22 kwa aliyeipata akiwa na miaka 50, asilimia 30 kwa wa miaka 40, na asilimia 50 kwa wa miaka 20. Hatari ya kijana wa miaka 20 haifanani na ya mama wa miaka 52, ingawa kliniki wote wawili huitwa "bado vijana".

Wala chuma nacho si "mara moja basi". Vali ya chuma inaweza kuzibwa na bonge la damu, inaweza kuotewa na nyama inayobana milango yake, inaweza kuvuja pembeni ya mshono, na inaweza kushambuliwa na vijidudu. Kila moja ya hayo huweza kumrudisha mtu kwenye chumba cha upasuaji, safari hii akiwa na damu nyepesi. Anayemwahidi mgonjwa kwamba chuma ni cha maisha bila kumtajia hayo amemwambia sehemu tu ya ukweli.

Haki inanitaka nipinge pia kauli mpya inayokuja kwa kasi kutoka nchi tajiri: "Weka ya mnyama bila wasiwasi, ikichakaa utaingiziwa nyingine kwa mrija kupitia mshipa wa paja." Njia hiyo ipo kweli. Daktari Mfaransa Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza kwa vali ya aota ya binadamu mwaka 2002, na imewafaa wazee wengi. Ila vali mpya ikiingizwa ndani ya kuukuu, nafasi ya damu kupita hupungua. Kama ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili inaweza kumwacha mgonjwa na dhiki ileile ya kupumua. Tena vali hizo ni ghali, na katika ukanda wetu wenye ujuzi nazo ni wachache. Mfano wa mtu mwenye fedha ni mwigizaji Arnold Schwarzenegger. Mwaka 1997, akikaribia miaka 50, alifanyiwa upasuaji uliotumia tishu badala ya chuma. Mwaka 2018 alirudi kubadilishiwa vali, kazi iliyokusudiwa kufanywa kwa mrija ikaingia matatizo na ikabidi kifua kifunguliwe kwa dharura. Mwaka 2020 alibadilishiwa ya aota. Ameishi na kufanya kazi miaka yote hiyo, lakini alikuwa na uwezo wa kurudi kila alipohitajika. Mgonjwa wetu anapochagua tishu ajue kwamba huenda naye atatakiwa kurudi, na aanze mapema kufikiria njia ya kurudi.

Wengine hutumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR zitaumaliza ubishi huu. Kwa vali za chuma, hadi sasa hazijaumaliza. Jaribio la dabigatrani lilisimamishwa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi ya waliotumia wafarini. Jaribio la apiksabani kwa aina moja ya vali ya chuma ya aota nalo lilisimamishwa mwaka 2022. Aliye na chuma akishawishiwa na muuzaji dawa kubadili ili "apumzike kupimwa" anaingizwa hatarini.

Nasema pia kwa uwazi wapi chuma kinashinda hata kwetu. Wagonjwa wengi wa mitrali tayari wana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na hao huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata wakiwekewa vali ya mnyama. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa rumatiki wa namna hiyo, dawa za kundi la wafarini ziliwafaa kuliko rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kama mgonjwa ataimeza wafarini kwa vyovyote, na anaishi Temeke au Nairobi karibu na kliniki inayopima INR, sababu ya kukikwepa chuma imepungua sana. Kinyume chake, mwanamke wa miaka 40 anayetaka kuzaa tena ana sababu nzito ya kufikiri upya, kwa kuwa wafarini huvuka kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Watu hao wawili wanaweza kuwa na umri mmoja, lakini majibu ni mawili tofauti. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba umri hauwezi kuwa hakimu.

Na kabla ya kuchagua baina ya vali hizo mbili kuna swali linalorukwa: je, vali hii ni lazima ibadilishwe? Mitrali inayovuja mara nyingine inaweza kutengenezwa na mgonjwa akabaki na ya kwake. Mitrali iliyobana, kama haijaharibika mno, inaweza kupanuliwa kwa puto, njia iliyoanzishwa na Mjapani Kanji Inoue miaka ya 1980. Vali zilizoliwa na rumatiki ni ngumu kutengeneza, lakini mgonjwa ana haki ya kusikia kwamba suala hilo liliangaliwa.

Upasuaji wa moyo sasa unafanyika hapa kwetu. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, Uganda ina taasisi yake ya moyo pale Mulago, na Kenya ina vituo vya Nairobi na Tenwek huko Bomet. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kazi ya vali ya chuma haiishi mshono unapofungwa. Hospitali inayoweka chuma ina wajibu wa kujua, kabla ya kisu, ni nani atapima damu ya mgonjwa huyo na wapi, na kuhakikisha kwamba hospitali ya wilaya au ya mkoa anakotoka ina kipimo na mtu aliyefundishwa kubadili dozi. Vifaa vidogo vinavyopima INR kwa tone la damu ya kidole vipo, na vinaweza kukaa hata kituo cha afya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima inayolipia vali ya chuma na kuacha kulipia kipimo cha INR imelipia nusu ya tiba, na nusu iliyoachwa ndiyo inayozuia kiharusi.

Mpaka hayo yawepo, nakuomba wewe uliyeambiwa vali yako imekwisha, au unayemsindikiza mwenye tatizo hilo, usitie sahihi fomu ya ridhaa kabla ya kupata majibu. Muulize daktari kama vali inaweza kutengenezwa. Muulize kama utahitaji wafarini hata ukichagua ya mnyama. Muulize vali atakayokuwekea ni ya ukubwa gani, na kama itaruhusu nyingine kuingizwa baadaye. Kisha jiulize mwenyewe, pamoja na wa nyumbani kwako: INR nitapimia wapi, kwa nauli ya nani, na nani atanipa dozi? Ukiwa na majibu ya uhakika na una miaka 45, chukua chuma kwa moyo mkunjufu. Ukiwa huna, kataa kusukumwa na mwaka wako wa kuzaliwa, na udai vali ya mnyama ijadiliwe kwa uzito uleule. Daktari anayekuheshimu hatakasirika kuulizwa hayo.